Kisu cha Shamba: Namna ya Kukinunua na Kukinoa

Ndugu mkulima, hesabu vyombo ulivyo navyo shambani. Jembe liko, panga liko, sururu iko, na kila kimoja ulikichagua kwa uangalifu. Lakini kisu je? Wengi wetu hununua kisu kama mtu anunuavyo kiberiti: kile cha kwanza kinachoonekana, alimradi kinang'aa na bei ni ndogo. Baada ya mwezi mmoja kimekuwa butu, mpini unacheza, nacho hutupwa juu ya kabati. Kisha kinanunuliwa kingine cha namna ile ile.

Hii ni hasara. Kisu chema cha kazi hakihitaji fedha nyingi. Mara nyingi bei yake haizidi bei ya kuku mmoja wa kienyeji, nacho kikitunzwa chaweza kukaa miaka kumi na zaidi. Katika somo hili tutajifunza mambo manne: kukijua kisu, kukichagua, kukinoa na kukitunza. Kisu tunachosema ni kile kisichokunjwa, chenye ala yake, ambacho mkulima huvaa kiunoni anapokwenda malishoni au shambani.

HASARA YA KISU KIBOVU

Kazi za kisu ni nyingi. Hukata kamba za marobota ya nyasi, hufungua magunia ya chakula cha ng'ombe, huvuna sukuma wiki, huchonga vigingi, huchinja na kuchuna. Siku mbuzi anaponaswa shingo katika kamba yake, kisu ndicho kitakachomwokoa, na siku hiyo hakuna nafasi ya kutafuta jiwe la kunolea.

Hasara kubwa iko katika ngozi. Kiwanda cha nyama cha KMC, shirika lililoanzishwa mwaka 1950, kiko Athi River, karibu na Kitengela. Lakini wanyama wengi tunawachinja wenyewe nyumbani, kwa harusi, kwa sikukuu, au kwa sababu mnyama amevunjika mguu. Hapo ndipo kisu butu huharibu mali. Mchunaji hukisukuma kwa nguvu, kisu kinateleza, na ngozi inatoboka. Hata mkato ambao haukupenya upande wa pili huonekana wazi ngozi ikishatiwa dawa kiwandani, na mnunuzi huishusha daraja. Ngozi ya mbuzi ni ndogo, na matundu mawili matatu katikati yake yatosha kuifanya isitake kununuliwa.

Tena kisu butu ni hatari kwa mkono. Watu hudhani kisu kikali ndicho kikatacho vidole. La, kisu kikali hukata pale unapotaka kwa nguvu kidogo. Kisu butu hutaka nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikiteleza huishia mkononi.

SEHEMU ZA KISU

Kabla ya kununua, zijue sehemu hizi. Makali ni upande ukatao. Mgongo ni upande mnene usiokata. Bapa ni ubavu wa kisu, baina ya makali na mgongo. Ncha ni mwisho wa mbele. Mpini ni mahali pa kushikia. Msuka ni kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini. Ala ni mfuko wa kisu.

Sehemu isiyoangaliwa na wanunuzi ni msuka, nayo ndiyo roho ya kisu. Msuka mfupi kama msumari, ulioingia mpinini kidogo tu, utavunjika au kulegea. Tafuta kisu ambacho msuka wake unafika mwisho wa mpini. Katika visu vya mpini wa mbao utauona kama mstari wa chuma baina ya vipande viwili vya ubao, navyo vimeshikwa kwa ribiti mbili au tatu.

CHUMA CHA KISU

Visu vya madukani ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni chuma cha pua cha kawaida, ambacho hushika kutu kisipotunzwa, lakini hunoleka upesi kwa jiwe lolote. Namna ya pili ni chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kimechanganywa na madini ya kromiamu, si chini ya sehemu 10 katika 100. Alikitengeneza Harry Brearley katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, na visu vya mezani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufanywa kwacho.

Kipi ni bora? Kwa jikoni na kazi za maji, kile kisichoshika kutu chafaa. Kwa malishoni, na kwa mtu mwenye jiwe duni, cha pua cha kawaida ni rahisi zaidi kunoa. Namna zote mbili hufaa, mradi chuma kiwe kimepikwa vizuri na kuwa kigumu. Hapa ndipo penye udanganyifu. Kuna visu vinavyofanywa kwa bati laini lililopakwa mng'aro. Hivyo hata ukivinoa mchana kutwa, makali hayakai.

Wengine hujaribu kisu kwa sumaku, wakisema kisichoshikwa na sumaku ndicho kizuri. Usidanganyike. Vyuma vingi vizuri vya visu, hata vile visivyoshika kutu, hushikwa na sumaku. Jaribio la kuaminika ni tupa. Mwombe muuzaji ruhusa, kisha pitisha tupa mpya, pole, juu ya mgongo wa kisu karibu na mpini. Ikiuma upesi na kutoa unga kama inavyouma msumari, chuma hicho ni laini. Ikiteleza, au ikiuma kwa shida, chuma ni kigumu. Muuzaji akikataa, hana kosa, mali ni yake. Nawe pia huna kosa ukienda duka la pili.

UNAPOKUWA DUKANI AU SOKONI

Ukiwa katika maduka ya Kitengela au Kajiado, au siku ya soko la mifugo la Bissil, usikimbilie bei. Fuata hatua hizi:

1. Shika kisu kama unavyokishika kazini. Mpini ujaze mkono, usiwe na kona za kuumiza. Mpini laini kama kioo utateleza ukilowa damu au mafuta.

2. Kipindishe mpini huku na huku. Ukisikia mchezo wowote au mlio, kirudishe.

3. Kielekeze kwenye mwanga, funga jicho moja, na utazame kando ya mgongo kutoka mpinini hadi nchani. Mgongo uwe umenyooka kama uzi.

4. Pima urefu. Kwa kazi nyingi za shamba, kisu chenye bapa la inchi 4 hadi 5, yaani sentimita 10 hadi 13, chatosha. Kirefu zaidi ni kazi ya panga.

5. Pima unene wa mgongo. Milimita 2 hadi 3 zafaa. Chembamba zaidi hupinda, na kinene zaidi hukata kama shoka dogo.

6. Tazama ncha. Kisu cha kuchunia kiwe na ncha ya mviringo iliyopinda kuelekea juu, kwani ncha kali kama mkuki hutoboa ngozi.

7. Tazama ala. Ikibidi, itengeneze wewe kwa ngozi, lakini usivae kisu bila ala.

Majina ya viwanda yaweza kukusaidia kidogo. Tramontina ya Brazili imekuwapo tangu mwaka 1911. Kule Uswidi, mji wa Mora ni maarufu kwa visu vya bei nafuu vya wafanyakazi wa mbao na mashamba. Lakini jina laweza kuigwa. Macho yako na tupa ni mashahidi bora kuliko maandishi juu ya bapa.

KISU CHA MHUNZI

Katika nchi ya Wamasai, kazi ya chuma ilikuwa ya watu walioitwa il-kunono, waliofua mikuki na sime. Sime, ambayo Wamasai huiita ol-alem, huwa nyembamba karibu na mpini na kupanuka kuelekea nchani, na ala yake ni ya ngozi nyekundu. Ni chombo chema cha kufyekea na kujilindia, lakini kwa kuchuna ni kirefu mno.

Leo mafundi wa jua kali hufua visu kwa springi kuukuu za lori, tupa zilizokwisha, na vipande vya panga. Vyuma hivyo ni vizuri. Springi ya lori ni chuma cha pua hasa. Lakini muulize fundi kisu kimefanywa kwa chuma gani na kimepozwaje. Chuma kilichofuliwa na kuachwa kipoe chenyewe huwa laini. Sharti kipashwe moto hadi kiwe chekundu, kizamishwe katika mafuta, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisivunjike kama kioo. Kisu cha nondo ya kujengea usikinunue, kwa maana nondo haiwezi kuwa ngumu kiasi cha kushika makali.

VYOMBO VYA KUNOLEA

Chombo cha kwanza ni jiwe la dukani lenye pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo. Ukiona namba, namba kubwa ni chembe ndogo. Jiwe moja latosha nyumba nzima kwa miaka.

Chombo cha pili ni jiwe la mtoni. Jina Kajiado limetokana na Olkejuado, maana yake mto mrefu, na katika makorongo yetu yakaukapo hupatikana mawe yaliyosuguliwa na maji. Chagua jiwe gumu, bapa, lenye chembe ndogo zinazolingana. Jiwe la kujengea nyumba halifai kwa kisu, maana chembe zake ni kubwa na hazilingani.

Chombo cha tatu ni msasa wa maji uliobandikwa juu ya ubao ulionyooka. Cha nne ni kikombe cha udongo mweupe. Kigeuze chini juu, nawe utaona duara lisilo na mng'aro. Duara hilo ni jiwe laini la kumalizia. Cha tano ni mkanda wa ngozi.

Tupa ni ya panga na jembe. Kwa kisu, itumie tu kama makali yamepata mapengo. Kumbuka tupa hukata ikisukumwa mbele. Wakati wa kuirudisha iinue, usiiburute, la sivyo meno yake yatakwisha upesi.

KUNOA HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza. Osha kisu na ukikaushe. Weka jiwe juu ya kitambaa kibichi mezani ili lisiteleze. Lowesha jiwe kwa maji. Ukianza kutumia mafuta juu ya jiwe, endelea na mafuta siku zote.

Hatua ya pili. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo. Uinue kiasi gani? Shika kanuni hii: mgongo uinuke theluthi moja ya upana wa bapa. Kama bapa lina upana wa sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1. Huo ni mwinamo wa digrii 20 hivi, nao wafaa kwa visu vingi. Panga hutaka mwinamo mkubwa zaidi, baina ya theluthi na nusu, kwa sababu hupiga miti.

Hatua ya tatu. Anza na chembe kubwa. Sukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba unataka kumenya ganda jembamba la jiwe. Wakati huo huo kivute pembeni, ili makali yote yapite juu ya jiwe tangu mpinini mpaka nchani. Ufikapo nchani, inua mpini kidogo kufuata mviringo. Nguvu iwe ya kadiri. Jambo kubwa ni mwinamo usibadilike. Mwinamo ukiyumba, makali huwa ya mviringo, na hiyo ndiyo sababu ya watu wengi kunoa saa nzima bila faida.

Hatua ya nne. Endelea upande huo huo mmoja mpaka utokee uzi wa chuma upande wa pili. Uzi huu hauonekani vizuri, lakini husikika. Pitisha kidole pole kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, usikipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Utasikia mkwaruzo mdogo. Huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Uzi usipotokea kwa urefu wote, hujamaliza. Wanoaji wengi huacha kabla ya hapo.

Hatua ya tano. Geuza kisu, fanya vivyo hivyo upande wa pili mpaka uzi urudi upande wa kwanza.

Hatua ya sita. Geuza jiwe, tumia chembe ndogo. Sasa badilisha pande kila mpito, mmoja kulia, mmoja kushoto, ukipunguza nguvu mpaka kisu kipite kwa uzito wake tu. Uzi utapungua na kukatika.

Hatua ya saba. Malizia kwa mkanda wa ngozi uliokazwa. Hapa vuta kisu nyuma, mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande. Ukisukuma makali mbele utakata mkanda.

Kisha jaribu. Shika gazeti hili, ukishalisoma lote, na ukate ukingo wake. Kisu kikali hupita bila kuchana. Pia elekeza makali kwenye jua: palipo butu huonyesha mstari wa mwanga, palipo pakali hapaonyeshi kitu.

Jiwe likiliwa katikati likawa kama sahani, haliwezi kunoa sawasawa. Mwaga mchanga laini na maji juu ya sakafu ya saruji, usugue jiwe hapo mpaka linyooke.

JIHADHARI NA JIWE LA UMEME

Mashine ya jiwe la umeme ni nyepesi na ya haraka, nayo huharibu visu vingi. Chuma hupata moto mkali ukingoni kwa nukta chache. Ukiona rangi ya buluu karibu na makali, ujue ugumu umetoka mahali hapo, na makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo isuguliwe iishe. Ukipeleka kisu kwa fundi, mwambie akizamishe majini kila baada ya mguso mfupi. Mnoaji mwenye jiwe la baiskeli huzungusha polepole zaidi, kwa hiyo hatari ni ndogo. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke kisu motoni, wala usikitumie kugeuza makaa.

KUKITUNZA

Baada ya kazi, osha kisu, kikaushe, na ukipake mafuta ya kupikia kidogo. Adui wakubwa ni damu, jasho, ndimu, na chumvi itumikayo kuhifadhi ngozi. Usikilaze kisu ndani ya ala ya ngozi kwa siku nyingi, maana ngozi hushika unyevu na kutu huanzia humo. Rangi ya kijivu juu ya chuma cha kawaida si mbaya. Kutu nyekundu ndiyo mbaya, nayo iondoe mapema kwa majivu na mafuta.

Usitumie kisu kama bisibisi, wala kukatia seng'enge. Kinoe kidogo kila wiki kuliko sana mara moja kwa mwaka. Kisu cha kuchunia kisikate chakula mpaka kioshwe kwa sabuni na maji yanayochemka.

WAKATI WA KUKIACHA KISU ALANI

Ukame wa miaka 2021 na 2022 uliua ng'ombe wengi katika Kajiado, na wafugaji walitamani kuokoa angalau ngozi. Lakini kuna mzoga usiopaswa kuguswa na kisu hata kikiwa kikali namna gani. Mnyama akifa ghafla, akavimba upesi, mwili usikakamae, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani au mkunduni, shuku ugonjwa wa kimeta. Usimpasue, usimchune, usimle. Ukipasua mzoga huo, vijidudu hupata hewa, hujifunika ganda gumu, na hukaa katika udongo kwa miaka mingi vikingoja mifugo yako mingine. Nawe waweza kuugua na kufa. Weka watoto na mbwa mbali, umwite afisa wa mifugo au chifu mara moja.

Na kwa mnyama mzima unayemchinja, kisu ni cha kufungulia ngozi tu. Kwa mbuzi na kondoo, ukishapasua mstari wa tumbo na wa miguu, kirudishe kisu alani na uitenge ngozi kwa ngumi. Ngumi haitoboi.

USALAMA NYUMBANI

Unapompa mtu kisu, mpe mpini. Ukiketi na kuchonga, kata kuelekea nje, mbali na paja. Kisu kikianguka, usikidake. Weka visu mahali watoto wasipofika. Uendapo mjini au mkutanoni, acha kisu nyumbani.

Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Usitie udongo wala mavi ya ng'ombe, kwa maana humo mna vijidudu vya pepopunda. Jeraha likiwa la ndani, nenda zahanati uoshwe na kuulizia sindano ya pepopunda.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya pamoja, baba, mama na vijana, kisha kila mmoja alete kisu chake.

1. Msuka wa kisu chako unafika wapi?
2. Kwa nini sumaku si jaribio la kuaminika?
3. Bapa la kisu chako lina upana gani, na mgongo uinuke kiasi gani ukinoa?
4. Uzi wa chuma ni nini, nao wakuambia nini?
5. Rangi ya buluu karibu na makali ina maana gani?
6. Ni mzoga upi usiopaswa kupasuliwa, na utamwita nani?

Anayeweza kujibu yote sita, na kukata ukingo wa gazeti hili bila kulichana, amefaulu. Naye amfundishe jirani yake.